Jiwe la Rubani na Sikio la Mwanangu

9 Mei

Kwako mwanangu, kitinda mimba wangu,

Pokea salamu za mama yako, na kabla hujasoma mbele nijibu kwanza: unakula? Usiniandikie tena "chakula kipo". Najua kipo. Nauliza kama kinaingia tumboni.

Sisi huku hatujambo. Dada yako na mtoto wake wako hapa kwangu tangu mvua zianze, maana paa lao linavuja. Mtoto ameota meno mawili ya chini na anang'ata kila kitu. Juzi kaning'ata bega nimeshika pasi ya moto, nusura niunguze shati la mwalimu mkuu. Nguo za kufua hazipungui, nashukuru. Waya wa pasi umechubuka nikaufunga kwa utepe, usinigombeze, najua utanigombeza.

Sasa neno lenyewe. Mjomba wako amekuwa mwenyekiti wa kamati ya kuutengeneza ule Mnara wa Rubani. Wewe unaujua kuliko wao, ulilikalia jiwe lake kuliko ulivyokalia dawati. Jiwe lilikuwa limepasuka, na lile pangaboi la ndege yake lililosimamishwa juu limeliwa na kutu. Basi wanaziba, wanapaka rangi, wanachora maandishi upya. Tarehe ishirini na tano Agosti, siku ile ile aliyoanguka na ndege yake wakati wa vita, mnara utafunikwa kitambaa halafu utafunuliwa na mtu maalumu. Unamjua mtu maalumu? Ni wewe. Na sare yako, na beji ya mabawa kifuani.

Walikuja wote hapa uani, mimi nina povu hadi viwikoni. Mjomba wako akasema, "Dada, mji huu umezaa marubani wawili. Mmoja ni jiwe. Mwingine ni wa kwako." Wakacheka. Na mimi nikacheka. Halafu wakaniangalia, wanangoja. Nikasema ndiyo, atakuja. Ningesema nini, mwanangu, mbele ya watu wote wale?

Nasikia barua zenu zinafunguliwa kwanza huko. Basi wewe unayefungua, hujambo? Ukimaliza irudishe kwenye bahasha vizuri, usiikunje ovyo.

Ni mimi mama yako.


1 Juni

Mama, shikamoo.

Barua imefika, ilikaa kidogo ofisini. Anayefungua amekusikia, maana safari hii bahasha imebandikwa vizuri kuliko siku zote.

Mbusu mtoto, lakini uwe mwangalifu na hayo meno. Huo waya usiufunge kwa utepe, mama, ununue mwingine. Ninakula.

Mafunzo yanaendelea. Sasa hivi tunaruka na mwalimu akiwa kiti cha nyuma, baadaye kila mtu ataruka peke yake. Chumba chetu kina vitanda sita na dirisha moja, kioo chake kimepakwa rangi hadi juu, sijui kwa nini. Kwa hiyo anga tunaiona tukiwa kazini tu.

Kuhusu mnara, ungeniuliza kwanza. Sijasema sitaki. Ruhusa hapa haipatikani kirahisi, halafu sikio langu la kushoto linanisumbua kidogo, daktari ameniandikia nisiruke kwa sasa. Usianze kuhangaika, ni sikio tu. Mwambie mjomba asitangaze bado.

Mwanao.

*Mama, shikamoo sana, hapa ni Mrefu, wa kitanda cha pili, nimemnyang'anya kalamu. Mwanao ni mwongo, hali kitu. Ila usijali, sahani yake naimaliza mimi, nanenepa kwa niaba yake. Tukipata mabawa tunakuja wote kwenye huo mnara. Niwekee kiti chenye miguu mirefu.*


20 Juni

Kwako mwanangu, na kwako Mrefu mla sahani za watu,

Nimecheka hadi dada yako akatoka chumbani kuuliza kuna nini. Mrefu, kiti kipo, na chakula chako mwenyewe kipo, uache cha mwanangu.

Sisi wazima. Mtoto sasa anatambaa kinyumenyume, akikitaka kitu anazidi kukiacha. Jirani fundi amenibadilishia waya, haya, umefurahi?

Asitangaze? Umechelewa, baba. Picha yako imetundikwa dukani kwake, juu ya mapipa ya misumari, na mtu hauziwi hata bawaba moja kabla hajaambiwa huyu ni nani. Muuza maziwa sasa ananipigia saluti. Watu wananiletea nguo ambazo wala si chafu, wakae kidogo, waniite Mama Rubani. Na kile kitambaa cha kufunikia nimepewa mimi nikishone pindo na kukipiga pasi. Ni cha bluu, kizito, kizuri.

Sikio linatoa usaha? Linavuma? Au linauma tu? Kunja kitambaa safi, kipashe moto, ujikande asubuhi na jioni. Na usilale upande huo.

Nikuulize kitu kimoja halafu ninyamaze. Hiyo ya kuruka peke yako, kuna mtu anayekuangalia kutoka chini? Siogopi. Nauliza tu.

Mama yako.


18 Julai

Mama, shikamoo.

Samahani kwa ukimya. Natumaini wote wazima, na mtoto ameshapata gia ya mbele.

Sikio bado. Daktari wa pili amelichungulia kwa tochi akasema haoni kitu. Amesema nitapumzika hadi tarehe kumi na nane Agosti, basi. Siku hiyo nitaruka peke yangu, na nikishuka navishwa mabawa na kutia saini ya miaka kumi. Kabla ya saini, mwanafunzi anaweza kwenda mwenyewe kwa Mkuu wa Chuo akasema hataki kuendelea, akarudishwa kwao. Akishatia saini, hawezi. Hakuna aliyewahi kwenda. Nakueleza utaratibu tu, kwa kuwa uliuliza.

Mrefu amehamishwa. Godoro lake limekunjwa.

Mwambie mjomba kama yupo mtu mwingine wa kufunua hicho kitambaa, mimi sitakasirika.

Mwanao.


26 Julai

Kwako mwanangu mpendwa,

Hatujambo, dada yako anakusalimu, mtoto ana mafua kidogo.

Nimemgusia mjomba wako. Ameshika kichwa. Kadi zimeshapigwa chapa na jina lako liko juu, mkubwa wa wilaya ameshajibu kwamba anakuja. Akasema, "Kijana ana wasiwasi wa sherehe tu, mwambie ajikaze." Basi nakuambia kama alivyosema: jikaze kidogo, baba. Ni kuvuta kamba ya kitambaa tu, kinaanguka, watu wanapiga makofi, unarudi kazini.

Mrefu amehamishiwa wapi? Hakuniaga. Yule si mtu wa kuondoka bila kuniandikia upuuzi wake.

Redio ilisema kuna ndege ya mafunzo imeanguka upande wa huko kwenu. Walikuwa wanataka kutaja jina nikaizima.

Endelea kujikanda.

Mama.


6 Agosti

Kwako mwanangu,

Mafua ya mtoto yameisha. Dada yako mzima. Salamu zimekwisha, sasa kaa kitandani uisome polepole, kama ninavyoiandika polepole.

Nimekwenda kwenye mnara. Tangu uende huko nilikuwa sipiti pale, nazungukia nyuma ya shule, na mtu akiniuliza nasema njia hiyo ina kivuli. Haina. Lakini kitambaa kilitaka kipimo, na jiwe halikuweza kuja kwangu.

Jiwe linanifika kifuani. Pangaboi wamelisugua linang'aa, ila ncha yake moja imekunjika, kama ukosi uliopigwa pasi na mtu mwenye haraka. Maandishi ni mapya, meusi. Nilisoma kwa kidole, unanijua na darasa langu la nne. Limeandikwa jina lake, na kwamba alikuwa na miaka ishirini na mbili. Miaka yako. Chini yake: ALIKWENDA KWA MOYO MKUNJUFU. HAKUOGOPA. Nikabaki nimesimama, tepu ya kupimia inaning'inia shingoni.

Ndipo akaja Dada wa Rubani. Yule bibi kizee nimfuliaye mashuka, asiyesikia vizuri, anayekupa pole kwa kukupigia kelele. Alikuwa anashikwa mkono na mkwewe.

"Unapima nini?" akaniuliza, mtaa mzima ukasikia.

"Jiwe, bibi! La kaka yako! Nalishonea nguo!"

"Sasa jiwe linasikia baridi?"

Mkwewe akaona haya. Mimi nikaona nimfurahishe, nikamsomea yale maandishi kwa sauti kubwa. Nilipofika "hakuogopa" akaangua kicheko.

"Nani hakuogopa? Kaka? Kaka alikuwa anaogopa hata jogoo!"

"Mama, jamani," mkwewe akasema.

"Usiniambie jamani! Wewe ulikuwepo? Mimi nilikuwepo."

Akakaa kwenye ngazi ya mnara, akatoa biskuti mfukoni, akanieleza huku anatafuna. Kaka yake alikuja likizo mara ya mwisho vita vikiwa vimepamba moto. Asubuhi ya kurudi kambini aliamka kabla ya wote, akachukua sare yake, koti na suruali, akailoweka yote kwenye beseni la maji. Nyingine hakuwa nayo, na bila sare haendi mtu. Halafu akakaa jikoni na fulana, anakunywa chai. Yeye, dada mtu, alikuwa msichana mdogo, akakimbia kumwambia mama yao, kaka anafua! Mama yao akaja akaliangalia beseni. Na stesheni watu walishajaa, wenye maua, na bendi ya shule imeshajipanga.

"Mama yenu akasema nini?" nikauliza.

"Hakusema kitu. Akatia mkaa kwenye pasi."

Mwanangu, wewe umekulia chini ya meza yangu ya pasi. Unajua koti la sufu lililolowa chepechepe si la kupitisha pasi mara mbili likakauka. Unalikamua, unalitandaza, unakandamiza, mvuke unakupanda usoni. Unaligeuza, kumbe upande wa chini bado unatiririka. Unatia mkaa mwingine. Ni kazi ya asubuhi nzima. Asubuhi nzima yule mama amesimama pale, na mwanawe amekaa nyuma yake anamtazama mgongo. Alikuwa na muda wa kugeuka. Mimi nasema hivyo kwa sababu kazi hiyo naijua, muda ulikuwepo tele. Bibi anasema alipomvisha lile koti lilikuwa bado lina moto. Wakampeleka stesheni wakampigia bendi. Halafu ndiyo hilo jiwe.

Nikamuuliza, "Bibi! Kwa nini hakusema tu kwamba hataki?"

Akaniangalia kama mimi ndiye kiziwi. "Angemwambia nani? Bendi?"

Nimerudi nyumbani, nikatandaza kitambaa cha bluu mezani, nikashika pasi, mkono ukakataa. Nikazitoa barua zako nikazipanga. Kila barua ina sikio. Sikio lako, mwanangu, ni ile sare kwenye beseni. Na mimi kazi yangu imekuwa kukuambia ujikande. Jikande, jikaze, kadi zimepigwa chapa. Nilikuwa natia mkaa.

Mrefu hakuhamishwa. Huna haja ya kuniandikia. Niliifungua tena ile redio siku ya pili yake, wakarudia habari, wakataja jina la kwao, wakasema wenzake walikuwa wakimwita Mrefu. Nikakumbuka nimemwahidi kiti. Sikukuambia kwa sababu na wewe hukuniambia, tukawa tunafichana kitu ambacho wote tunacho.

Nimekwenda dukani kwa mjomba wako, wateja wamejaa. Nikamwambia, "Mwanangu haji."

"Anaumwa?"

"Haumwi. Anaogopa."

"Dada, teremsha sauti."

"Na mimi naogopa. Mwaka mzima sasa. Ile picha iteremshe."

"Nitamwambia nini mkubwa wa wilaya?"

"Kitambaa kivute wewe. Una mikono."

Ametuma mtu kukichukua kitambaa, amempelekea dobi mwingine. Haniamkii. Muuza maziwa naye saluti imemshuka mkono. Usiwafikirie. Tunaishi, tunafua.

Sikuuliza utaratibu, wewe ndiye uliyetaka niujue. Sasa naujua. Nenda kwa Mkuu wa Chuo kabla ya tarehe kumi na nane, umwambie hutaki. Ningeruhusiwa ningekusemea mimi, ningemsemea hadi akimbie ofisi yake. Lakini umesema lazima mwenyewe.

Na wewe unayefungua barua, nakuomba kama mzazi, hii usiizuie. Kuna mtu alikufulia nguo na wewe.

Mama yako.


17 Agosti, getini kwenu

Mwanangu,

Mtoto hajambo, dada yako hajambo, wanakusalimu. Hujanijibu. Sijui kama barua yangu umeipata au imekaa kwenye meza ya mtu, na kungoja kumenishinda. Nimepanda basi. Niko kwenye benchi la wageni, nje ya kizuizi.

Mlinzi amenikataza kuingia. Anasema wageni mpaka kesho, baada ya kuvishana mabawa. Nimemwambia mimi sikuja kuona mabawa. Akaniangalia sana, kisha akachana karatasi hii kwenye daftari lake akanipa na kalamu. Anasema atakufikishia mkononi. Mtoto mzuri, ukosi wake mchafu.

Kama barua haikufika, iliyokuwemo ni hii: najua unaogopa, na huna kosa. Najua habari ya Mrefu. Sherehe ya mnara nimeikataa mbele ya watu, mjomba wako atavuta kitambaa mwenyewe. Hakuna anayekungoja nyumbani isipokuwa wa nyumbani.

Naona waya wa ua, na mabati, na askari mmoja anafagia mahali palipokwisha fagiliwa. Ndege moja imeruka hapa juu yangu, nikafumba macho hadi iliposhuka. Sijui mnawezaje.

Sikulazimishi, nisije nikawa kama wao. Ukiruka kesho, nitakuwa kwenye benchi hili hadi ushuke, na nitakupenda vilevile. Ukienda kwa Mkuu wa Chuo leo, nitakuwa kwenye benchi hili. Basi la mwisho likienda nitalala hapa, mlinzi ameona mfuko wangu, ameshaelewa.

Humo ndani mimi siingii. Kutoka ni lazima utoke na miguu yako.

Mama.


*(Nyuma ya karatasi hiyo hiyo)*

Mama, shikamoo.

Hakuna barua niliyopata tangu ile ya Julai. Sijui umejuaje. Sikuthubutu kukuandikia, na kila siku nilikuwa nakuandikia.

Mrefu aliruka zamu yangu. Mimi nilikuwa nimelala na cheti cha daktari. Humu hakuna anayetaja jina lake tena, tumeambiwa linawavunja moyo wenzetu. Nilikuwa nakwenda hadi kona ya ofisi narudi, nakwenda narudi, nikimwona mawazoni mjomba na watu wote wa mtaa wamesimama mlangoni.

Sasa nimekaa kwenye benchi la nje ya ofisi ya Mkuu wa Chuo. Karani ameniuliza nimekuja kwa shida gani, nikasema ni shida binafsi. Kaandika hivyo. Sijui nitaanza na neno gani. Nadhani nitaanza na jina la Mrefu.

Mlinzi wako amesimama hapa, ananiharakisha, anataka akurudishie karatasi kabla zamu yake haijaisha. Kwa hiyo ukifika mstari huu mimi nitakuwa nimeshaingia.